Kioo cha Senayit na Kikombe cha Tatu

Aschalew alijua mahali pa kukata hadithi kama alivyojua mahali pa kukata chuma. Wiki nzima alichomelea mageti na madirisha katika karakana yake chini ya mteremko, uso nyuma ya kinyago, cheche zikimrukia kifuani. Jumapili alioga, akavaa shati jeupe, akapanda na kitabu kwapani hadi uani kwa Bibi Dinknesh, na hapo akawa mfalme. Gondar imejaa makasri ya wafalme waliokufa. Yeye kasri lake lilikuwa kigoda cha miguu mitatu kando ya jiko la mkaa, na hakuna mtu pale uani aliyethubutu kukikalia.

Kahawa ya Bibi Dinknesh ilinywewa kama ipasavyo: majani mabichi yametandazwa chini, ubani unafuka, bisi kwenye ungo, na vikombe vitatu bila haraka. Cha tatu huitwa Baraka. Anayeinuka kabla ya Baraka ameondoka mtupu, hata kama amekula akavimbiwa. Aschalew alisoma kwa kuvifuata vikombe hivyo. Aliisukuma hadithi taratibu mpaka birika la udongo litiwe maji ya mara ya pili, kisha akaipandisha, akaipandisha, na kabla ya kikombe cha tatu akafunga kitabu, pap! Shujaa ananing'inia kwenye mwamba, mwizi ameshika kitasa. Nani angeinuka?

Hapo Senayit, mjukuu wa Bibi Dinknesh, aliyekaanga buni, akaitwanga na kuimimina, alinyanyua macho yake na kusema neno moja.

"Halafu?"

Aschalew aliishi kwa neno hilo. Jumapili ilimpa, na wiki nzima akalila kama akiba.

Alikuwa na nia. Pasaka ikipita, angetuma wazee kwa Bibi Dinknesh wakampose Senayit. Kilichomchelewesha ni moto. Kwa watu wa umri wa Bibi, mfua vyuma ni mtu wa jicho baya: humsalimu, humlipa, ila binti humpi. Aschalew alichomelea kwa umeme, mvukuto hajawahi kuushika. Haikusaidia. Geti la Bibi lilikuwa limeng'oka bawaba moja tangu zamani, limefungwa kwa kamba ya katani, linalia kama punda kila likifunguliwa, na fundi wa mageti anapita hapo kila Jumapili. Alipojitolea kulitengeneza, Bibi alikitazama kidole chake kilichoungua, akasema, "Liache tu, mwanangu. Moto ni moto." Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko cheche zote.

Basi alisoma. Aliamini kuwa ipo siku sauti yake itauosha mkono wake.

Ndipo Kioo kikaja.

Kwa jina lake ni kishikwambi, lakini pale uani kila mtu alikiita Kioo. Senayit alikuwa msusi, na alikinunua kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akihama mji. Kilikuwa na ufa kwenye kona moja, na ndani yake mlikuwa na vitabu vingi kuliko alivyowahi kuvishika Aschalew maishani mwake.

"Umekinunua cha nini?" aliuliza.

"Cha kusomea."

"Si nakusomea mimi?"

Senayit alicheka. "Unanisomea Jumapili, Aschalew. Jumatatu je?"

Aschalew akafungua kitabu chake. Hakujua hata kwamba Jumatatu nayo ilikuwa na njaa yake.

Kikazoeleka haraka, kama paka mgeni. Wondale, dereva wa bajaji mwenye ulimi usiolala, alikidandia kwa ajili ya mpira. Mama Fantaye, muuza viungo, alikitazamia mchezo wa kuigiza, akajifuta machozi hadi pilipili ikamwingia machoni. Bibi Dinknesh mwenyewe alitafutiwa Zaburi zinazoimbwa na padri wa mbali, akasema, "Huyu ana pumzi. Wa kwetu anakohoa." Aschalew alisafisha koo, akafungua kitabu, na Wondale bila kuinua kichwa akamwambia, "Subiri kidogo kaka, hii penalti."

Subiri! Yeye aambiwe asubiri!

Wengine wakaanza kuondoka kabla ya kikombe cha tatu. Kwa nini wangoje? Walichokuwa wanakifuata kilikuwa hakikatiki tena, kilitiririka tu.

Lakini hao si kitu. Aliyemtia wivu ni Senayit. Alimwona akipitisha kidole juu ya kile kioo, polepole, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Aschalew hakuwahi kuguswa na kidole kile ila kwa kupokezana kikombe, tena kikombe kikiwa cha moto. Akakichukia kile kitu. Akachukia mwanga wake kidevuni mwa Senayit. Akachukia hata ule ufa, kwa kuwa Senayit aliupitia kwa uangalifu asijikate.

Siku moja alizua safari ya kurudisha ungo aliouazima. Akamkuta kizingitini, miguu ameikunja ndani ya shuka lake jeupe, anacheka peke yake.

"Nani kakuchekesha?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Alishakufa zamani. Kaacha kitabu."

Aschalew akarudi mteremkoni akimwonea wivu maiti.

Jumapili iliyofuata alikuja amejiandaa. Hadithi yenyewe ilikuwa tamu: Belaynesh, binti wa mwenye kivuko kwenye mto Abay, anatakwa na wanaume wawili. Ng'ambo hii yuko mfanyabiashara wa chumvi mwenye nyumbu wengi wa mizigo, ng'ambo ile yuko mfua vyuma mwenye nyundo na moshi wake. Aschalew alisoma kama mtu anayepigania shamba. Wondale alikisahau Kioo. Kikombe cha kwanza kikapita, cha pili kikapita. Mto umefurika, Belaynesh yuko katikati ndani ya mtumbwi wa mafunjo, wanaume wawili wanamwita kutoka kingo mbili, maji yanaingia...

Pap!

"Mungu wangu, anazama!" Mama Fantaye akashika kichwa.

Aschalew hakumtazama Mama Fantaye. Alimtazama Senayit, akangoja neno lake.

Senayit alikuwa anatia maji birikani. Akanyanyua macho, akatabasamu, akasema taratibu, "Hazami. Anavuka. Anaolewa na mfua vyuma."

Ua zima likamgeukia. Kisha likalipuka.

"We mtoto!" Mama Fantaye alipiga paja. "Nani kakuambia utuambie?"

"Kaka Aschalew," Wondale alikuwa anajikunja kwa kicheko, "umenyang'anywa tonge mdomoni! Na limeshatafunwa!"

"Umejuaje?" Aschalew aliuliza. Sauti yake aliisikia ikitoka mbali.

"Kitabu chako kimo humu. Nimekimaliza Alhamisi." Bado alikuwa anatabasamu, bado anamtazama. Aschalew aliona tabasamu la mtu aliyemwibia.

"Mfua vyuma?" Bibi Dinknesh aliuliza. "Binti wa mwenye kivuko?"

Aschalew akafungua kitabu. Maneno yalikuwa pale, meusi, wala hayana shaka: *Belaynesh akageuza kichwa cha mtumbwi kuelekea moshi wa mfua vyuma.* Akayaona vizuri. Akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma:

"Belaynesh akageuza kichwa cha mtumbwi kuelekea kwa mfanyabiashara wa chumvi."

 Akaendelea, jicho kwenye ukurasa, ulimi kwingine. Akaleta nyumbu, akaleta harusi, akamwacha mfua vyuma kwenye ukingo wa pili na nyundo iliyopoa.

"Haiko hivyo," Senayit akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nionyeshe."

Aschalew akafunga kitabu. "Karatasi haibishani na kioo, dada. Karatasi haina betri ikaota ndoto."

Wakacheka. Wondale akarusha bisi juu. Bibi Dinknesh akamtazama mjukuu wake kwa huruma. "Kimekudanganya hicho kidude, mwanangu. Wewe fikiri mwenyewe. Nani angempa mfua vyuma binti yake?"

Wakacheka tena, na kicheko hicho kilikuwa cha kumcheka mfua vyuma. Aschalew alikijua. Alicheka nacho.

Senayit hakuwa na tabasamu tena. Aliliweka birika chini juu ya kikalio chake cha majani, taratibu, lisimwagike.

"Cha tatu mimina mwenyewe," alimwambia Aschalew, akaingia ndani.

Hakuna aliyemimina. Watu walitazamana, wakajifuta bisi mapajani, wakaondoka mmoja mmoja. Bibi Dinknesh akajipigia ishara ya msalaba. Katika umri wake wote ua lake halijawahi kufunga kahawa bila Baraka.

Habari za mtaani hazihitaji bajaji, na hizi zilikuwa na bajaji. Wondale alizisambaza kwa kila abiria: Kioo cha Senayit kinasema uongo! Wasichana waliokuja kusukwa wakamtania, "Dada, usije ukasoma kwenye kioo kwamba nimependeza." Naye Aschalew alikuwa amejifunga mwenyewe. Watu walitaka kujua Belaynesh anaishije kwa tajiri wa chumvi, na kitabu hakikuwa na habari hiyo. Ikambidi azitunge, Jumapili baada ya Jumapili, kitabu kikiwa wazi mbele yake kama kichaka cha kujifichia. Akamtungia mama mkwe mwenye choyo. Akamtungia yule tajiri nyumbu mwenye kwikwi, inayomshika kila bwana wake akisema uongo.

Na haki ya Mungu, ilikuwa nzuri! Alijua ni nzuri. Watu waliongezeka hadi wakakalia magunia, na Baraka ilingojwa na kila mtu, ingawa sasa alimimina Bibi, nusu ya kahawa ikinywewa na majani ya chini.

Senayit hakutoka. Dirisha lake lilikuwa nyuma ya kigoda cha Aschalew, na nyuma ya pazia palikuwa na ule mwanga wa buluu. Alisoma huku sikio moja liko mgongoni. Akamsikia akicheka. Akapandisha sauti. Senayit akacheka tena. Amekishinda Kioo mbele ya watu wote, na Kioo kimemchukua Senayit mzima, kimefunga naye mlango, kinamchekesha huku yeye anasikia. Kuna siku alitamani umeme ukatike. Ukakatika. Taa za mtaa mzima zikazimika, na mwanga wa buluu ukabaki palepale dirishani, unamng'ong'a.

Senayit alikuja karakanani siku ya soko. Aschalew alikuwa ameinamia geti la mtu, hakumwona mpaka alipoona viatu.

"Vua kinyago."

Akavua. Kioo kilikuwa kwapani mwake, ndani ya shuka, kama mtoto.

"Hiyo hadithi yako ya mke wa tajiri," alisema Senayit, "nimeitafuta. Haimo kokote."

"Si kila kitu kimo ndani ya hicho kioo chako."

"Naona. Ni nzuri."

Aschalew akaweka kinyago chini. "Umeisikia wapi?"

"Dirishani. Unadhani sina masikio?"

"Mbona nilikuwa nakusikia ukicheka na... na hicho?"

"Nilikuwa nacheka na nyumbu mwenye kwikwi, mpumbavu we! Hiki nilikiwasha nisionekane nimekaa gizani nakusikiliza wewe."

Cheche moja ilikuwa bado inafuka kwenye gunia. Aschalew aliikanyaga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi toka chumbani," alisema. "Rudi kando ya jiko lako."

"Umeniita mwongo mbele ya bibi yangu."

"Wewe uliniharibia mbele ya watu! Uliisema hadithi yangu..."

"Yako? Kwani uliiandika wewe? Unatupa tone, unafunga bomba, unatutazama tunavyohema. Miaka yote nasema halafu, halafu, kama ombaomba mlangoni. Nilitaka kuingia mwenyewe mara moja nione mna nini ndani." Akasogea. "Na unajua nilikuta nini? Nilikuta binti wa watu anaolewa na mfua vyuma. Sikulala... Nilingoja Jumapili. Nikalisema mbele ya bibi, mbele ya Wondale mwenye mdomo wa redio, huku nakutazama wewe machoni. Nikajua utacheka. Nikajua utaelewa." Sauti yake ikashuka. "Wewe ukamwoza kwa mtu wa chumvi."

Aschalew akakitazama kidole chake kilichoungua. Mtu aliyewafungia watu bomba kwa ustadi miaka yote, siku ile alikuwa amekata mkono wake mwenyewe, akapiga makofi kwa huo uliobaki.

"Jumapili nitamimina mimi," Senayit alisema. "Utasoma ukurasa ule kama ulivyo. Usiposoma, hao wazee wako usiwachoshe na mteremko."

"Nani kakuambia habari za wazee?"

"Wondale."

Jumapili Aschalew alivaa shati jeupe, akalivua, akavaa la kazini lenye matundu ya cheche. Geti likalia kama punda, watu wakageuka. Walikuwa wengi. Senayit alikuwa mahali pake kando ya jiko, shuka mabegani, anakaanga buni, wala hakumtazama.

Alisoma kikombe cha kwanza. Alisoma cha pili, nyumbu akashikwa na kwikwi, watu wakavunjika mbavu. Akaitazama ile furaha, akakitazama kigoda chake cha miguu mitatu, na akakionea uchungu kama mtu anayehama nyumba. Akarudisha kurasa nyuma.

"Kuna ukurasa mmoja niliuruka," alisema.

Senayit alikuwa ameinua birika juu ya kikombe cha Baraka. Hakuliinamisha. Alimtazama tu.

"Sikuuruka," Aschalew akasema. "Niliubadilisha. Kioo kilisema kweli. Mwongo ni mimi."

"Ala!" Mama Fantaye akainuka. "Na mama mkwe je?"

"Nimemtunga."

"Nimemchukia mwezi mzima bure!"

"Nilijua!" Wondale akaruka. "Nyumbu hana kwikwi! Nimewauliza wenye nyumbu sokoni, wakanifukuza!"

"Kaa chini, Wondale," Bibi Dinknesh alisema. Hakuwa anacheka. "Soma, Aschalew."

Akasoma. Hakupandisha sauti, hakuishusha. Belaynesh akageuza kichwa cha mtumbwi kuelekea moshi wa mfua vyuma. Maji yakampiga, akavuka. Watu wa kijiji wakamwendea baba yake wamwone atasema nini. Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alichukua upondo wake, mti wa kusukumia mtumbwi, uliovunjika ncha, upondo ambao hakuwahi kumpa mtu ashike, akautia begani, akaenda kwa mkwewe autie chuma.

Aschalew akafunga kitabu. Safari hii hakikulia pap.

Mkaa ukasikika ukipasuka jikoni. Bibi Dinknesh alikuwa anatazama majani ya chini. Kila mtu alijua kidole cha nani kimeungua, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Halafu?" Bibi akauliza.

"Imeishia hapo, Bibi."

"Haiwezi kuishia hapo. Upondo ulitengenezeka, haukutengenezeka?"

"Haikuandikwa."

"Mwandishi mvivu." Bibi akanyoosha kikombe chake, na Senayit akainamisha birika, kahawa ikashuka uzi mmoja mwembamba bila kudondoka pembeni hata kidogo. Bibi akanywa, akapangusa midomo. "Lile geti langu linanitia aibu kwa wageni. Kesho njoo na huo moto wako."

Wondale alitaka kusema kitu. Mama Fantaye akamziba mdomo kwa konzi ya bisi.

Pasaka ikapita. Wazee walipanda mteremko, wakasukuma geti lisilolia, wakaingia. Kahawa bado hunywewa pale Jumapili. Sasa Senayit husoma kwenye Kioo mpaka kikombe cha pili, na Aschalew hutunga kuanzia hapo mpaka Baraka, na ugomvi ni nani kati yao anakata vibaya zaidi.

Juzi Aschalew alitoka kazini akamkuta mkewe kizingitini, mwanga kidevuni, anacheka peke yake. Ule moto wa zamani ukampanda kooni bila kubisha hodi.

"Nani kakuchekesha?"

"Wewe," alisema Senayit bila kuinua kichwa. "Nimekuandika humu. Nyumbu, mama mkwe, wote. Niache nimalize."

Na kidole chake kikapita juu ya maneno yale, polepole, kutoka chini kwenda juu. Aschalew alisimama na kinyago mkononi, anamwonea wivu yule Aschalew wa ndani ya kioo, aliyekuwa anapapaswa wakati yeye hajapewa hata maji ya kunawa.